Tundu la Futi Tano

Jumatano, 7 Januari
Pampu ya mkono imesimama kisimani, kando ya ile ya umeme. Nimeifunga mwenyewe! Umeme ukikatika mwaka huu, mimi, Réginald Daigle, sibishi mlango wa mtu nikiwa na ndoo. Hasa mlango wa Bi Delphine ng'ambo ya barabara, mwenye pampu ya kutu ya marehemu baba yake na mdomo mrefu kuliko mpini wake.

Kasoro moja. Nikiacha kupampu, maji yanarudi chini. Nimelivuta bomba. Futi tano chini ya ardhi, tundu! Bomba jipya, la dukani, limetoboka! Nimeliziba kwa gundi ya chuma. Sasa maji yanakaa juu, tayari.

Ijumaa, 9 Januari
Mvua ya barafu tangu alfajiri. Nyaya chini, kijiji kizima hakina umeme. Nilikaribia kushangilia, Mungu anisamehe. Nikavaa kofia yangu ya kanisani, nikaenda kisimani Bi Delphine anione dirishani.

Mpini haukusogea. Nikauning'inia, miguu yote miwili hewani. Wapi! Maji yameganda humo ndani na kuipasua pampu.

Bijou amemaliza ndoo ya mwisho. Farasi huyu ni wa marehemu mke wangu, Lorraine. Hospitalini aliniambia nisimwache akae na kiu, tumbo litamfunga afe. Nilimwahidi. Nimeyeyusha theluji jikoni, sufuria nzima ya theluji kwa kikombe kimoja cha maji. Bijou kanusa, kageuza uso.

Jumamosi, 10 Januari
Bijou hajanywa bado. Anaparura sakafu kwa kwato, anageuka kulitazama tumbo lake. Nimeogopa. Nimelia zizini, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kisha nikachukua ndoo, nikavuka barabara.

Bi Delphine alifungua kabla sijabisha. Akauliza kama ile pampu ya maonyesho imechoka. Nikasema ina mafua. Mpini wake hakuniruhusu niuguse. Ana miaka themanini na moja, akapampu mwenyewe mara nane, maji yakatoka. Akayapasha moto, akatia chumvi kidogo, akaja zizini kwangu akitembelea fimbo. Bijou akanywa ndoo mbili! Tukamtembeza uani hadi tumbo likafunguka.

Bi Delphine akataka kujua niliifanyia nini pampu yangu. Nikakiri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema lile tundu huwekwa makusudi, maji yashuke chini kusikofika baridi, na kwamba lake baba yake alilitoboa kwa mkono wake. Akasema Lorraine angenichapa.

Jumanne, 13 Januari
Umeme umerudi. Bijou anakula vizuri. Nimewaza nitamlipa nini Bi Delphine. Ploi zangu, zile chapati laini za kwetu, alizikataa, eti zimeungua kama mkaa.

Leo amekwenda kwa binti yake hadi Alhamisi. Nimeyatafakari maneno yake. Maskini! Pampu yake inavuja, na baba yake ndiye aliyeiharibu, sasa anamsitiri marehemu. Mara nane kupampu, kwa umri ule! Pampu yangu ilipasuka kwa sababu chuma cha siku hizi ni cha hovyo. Cha kwake ni cha zamani, kitavumilia.

Nimelivuta bomba lake kwa winchi ya gari langu. Imenichukua saa nne nzima, vidole vimekufa ganzi. Tundu nimeliziba kwa gundi iliyobaki. Nimejaribu: mara moja tu, maji haya hapa! Machozi yamenilenga. Lorraine angejivunia.

Redio inasema mvua nyingine ya barafu inakuja Alhamisi. Safari hii sina hofu juu ya Bijou. Nitachota kwa Bi Delphine.