Gari Linaloruka Mshono

Jumatatu, 3 Juni

Kwa heshima na taadhima naandika: leo, saa moja kasorobo asubuhi, gari langu limewaka! Kizazi kijacho kijue. Jaribio la kumi na moja tu. Likatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, likazima. Lakini liliwaka.

Mke wangu, dirishani, kikombe mkononi, akasema mara kumi na moja si kuwasha gari, ni kuliposa. Kisha akatoa amri. Ijumaa saa mbili mama yake anapasuliwa jicho, na nafasi hiyo tumeisubiri miezi mitano. Gari likikohoa Alhamisi jioni, mama ataenda na jirani, na langu litaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jirani! Yule mhasibu mstaafu anayefuta matairi kwa kitambaa cheupe! Mama mkwe wangu apande kwake? Heri nimbebe mgongoni.

Jumanne, 4 Juni

Fundi wa pale kona anataka nimpelekee akague plagi za injini na waya zake. Nusu saa, anasema. Nikamjibu kwamba gari hili nimeishi nalo miaka ishirini na miwili, tunaelewana. Akasema hata mgonjwa na ugonjwa wake huelewana.

Uchunguzi wangu: mafuta machafu. Nimenunua dawa ya kuyasafisha. Chupa inasema kifuniko kimoja. Lakini huyu ni mgonjwa wa siku nyingi, nikamimina chupa nzima. Moshi! Jirani alifunga madirisha saba, nimeyahesabu. Injini bado inakohoa, ila sasa kwa sauti nzito. Maendeleo.

Jumatano, 5 Juni

Zamu ya plagi. Mke wangu aliniasa nitoe waya moja, niirudishe, ndipo nitoe nyingine. Nikamwuliza nani hapa mwenye sanduku la spana. Nikatoa zote nne kwa mpigo, nikasugua plagi kwa mswaki mkuukuu. (Imebainika baadaye kwamba haukuwa mkuukuu. Wala haukuwa wangu.) Kuja kurudisha, waya zinafanana kama mapacha. Nikazipanga kwa namna inayopendeza macho.

Nikawasha. PAAA!

Jirani alikuwa akimwagilia maua. Alipoinuka kutoka ndani ya hayo maua, alijipangusa udongo akauliza, kwa upole unaoudhi, kama bado nina nia ya kumsafirisha mgonjwa au nimeamua kumlipua. Nikamwambia ile ilikuwa salamu.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu kazini. Nimemwita fundi kwa siri, akapitia mlango wa nyuma. Alicheka mpaka akakalia tairi. Waya alizipanga kwa dakika mbili. Mizinga imekwisha, kikohozi kimebaki. Anasema waya moja haifikishi moto kwenye plagi yake, niende gereji tuitafute. Nikasema nitakwenda. Sikusema lini.

Nina njia bora. Mteremko! Gari lililo kwenye mteremko halibembelezwi: unaachia breki, unatia gia ya pili, linaamka lenyewe. Jioni nikaliegesha juu kule, mbele ya lango la jirani, pua chini. Nikamwita mke wangu ashuhudie. Likawaka! Nikalizima upesi kabla halijakumbuka maradhi yake.

Akauliza kwa nini nimeegesha kule. Nikasema kivuli. Akaitazama barabara isiyo na mti hata mmoja, akanitazama mimi. Lakini neno ni neno: halikukohoa. Mama tunakwenda naye!

Ijumaa, 7 Juni

Mama amefika hospitali kwa wakati. Ningependa kuishia hapo.

Mteremko tuliushuka vizuri. Kwenye tambarare likaanza: tetema, kohoa, ruka. Baiskeli zikatupita. Saa mbili kasoro dakika ishirini. Mke wangu akaanza kuhesabu baiskeli kwa sauti.

Mama huyu ameshona nguo za watu miaka arobaini, kabla macho hayajaingia ukungu. Nami hunisemesha kupitia bintiye, hata tukikaa hatua moja. Akamwambia, "Mwambie baba gari lake linaruka mshono. Mapigo matatu sawa, la nne linaruka. Asimame." Nikaanza kumwambia mke wangu amweleze mama kwamba injini si cherehani. Mke wangu akasema, "Simama!"

Boneti juu, injini inanguruma. Mama akatega sikio. Kuna kitu kinadonoa, akasema. Tik, tik. Hapo kushoto, chini. Mimi nikaona hakuna kitu. Ili kuthibitisha kwamba hakuna, nikashika.

Lahaula! Nilirudi nyuma hatua tatu bila kutembea. Nikamwambia mama, safari hii moja kwa moja, kwamba kipo.

Waya ilikuwa na ufa. Moto ulirukia chuma cha injini badala ya kwenda kwenye plagi. Nikazima. Mama akatoa uzi mkobani, akaivuta waya mbali na chuma, akaifunga kwa kupapasa tu, mafundo matatu. Likawaka mara moja! Saa mbili kasoro dakika nne tulikuwa mlangoni. Mchana, mama akiwa na daktari, mke wangu aliendesha mwenyewe hadi kwa fundi, akasimama pale mpaka waya ikabadilishwa. Mimi nilikaa kiti cha nyuma.

Jumamosi, 8 Juni

Limewaka kwa jaribio la kwanza. Halitetemeki. Mama anarudi hospitali saa nne kufunguliwa bendeji. Saa tatu mimi nilishakuwa kwenye usukani, nasikiliza. Safi kabisa.

Sasa ukweli mtupu. Hakuna aliyenituma. Nilifungua boneti kutazama tu. Kwenye kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa, kuna skrubu ndogo. Nikasema nikiizungusha robo tu, litakuwa zuri zaidi. Robo ikazaa nusu. Nusu ikazaa mzunguko. Sikumbuki ilikuwa upande gani.

Saa nne kasorobo mama alikuwa kiti cha nyuma, mkoba magotini. Akamwambia mke wangu aniulize kwa nini leo mapigo yanaruka yote manne. Nikamwambia mke wangu amwambie mama: dakika tano. Zikaisha. Jirani akatoa gari lake. Mama akapanda, akanipungia mkono. Jirani pia.

Nimebaki na bisibisi. Kumbe kosa lilikuwa dogo sana! Kuna skrubu ya pili, chini kidogo ya ile ya kwanza.