Kompyuta Imenichagua Tena

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeanza kujifunza kuandika programu. Umri wangu miaka arobaini na sita, kazi yangu kuuza vipuri vya baiskeli Kaloleni, hapa Voi, na sababu yangu ni moja: Zephaniah. Kila mwaka yeye ndiye huimba solo kwenye tamasha la kwaya. Mwaka huu tamasha liko Rukanga, kwa mama yangu, na mama ameshatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ataimba. (Nilimwambia mimi.) Nikamshauri Dada Tryphena, kiongozi wa kwaya, aiachie kompyuta ichague jina. Kompyuta haina mjomba wala shemeji. Akakubali! Programu nitaandika mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wangu ni Koki wa saiba, lile duka la intaneti, msichana mwenye subira ya kutisha. Juzi nilisahau kufunga mabano. Kompyuta ikanijibu kwa maandishi mekundu. Jana niliyafunga, nikasahau kuyafungua. Leo hatimaye! Ukiandika print, kisha jina ndani ya mabano na alama za nukuu, jina linatokea kwenye skrini. Koki akasema sasa twende somo la pili: kuweka majina mengi, kompyuta ichague moja kwa bahati. Nikamwambia asijisumbue. Nilichohitaji nimekipata.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nikabonyeza mbele ya wanakwaya wote. NICHOLAS! Makofi. Nikajifanya nimeshtuka kusikia jina langu. Zephaniah alinuna hadi raha.

Ningefunga laptopu hapo hapo. Lakini Dada Tryphena akasema chombo kizuri hivi kisikae bure, kituchagulie na wa kuosha vyoo vya kanisa. NICHOLAS. Wa kupakia viti. NICHOLAS. Wa kubaki kwenye basi kulinda mabegi wenzake wakiimba. Nikasema betri imeisha. Akabonyeza mwenyewe. NICHOLAS!

Nikalalamika kwamba mtu hawezi kuimba huku analinda mabegi. Dada Tryphena akakubali kabisa, akampa Zephaniah solo. Kupinga kungenilazimu kuieleza programu. Nikafunga laptopu.

Jumamosi, 15 Machi. Rukanga.
Ndani ya basi. Mimi na mabegi thelathini na moja. Nilimwona na kumsikia Zephaniah kupitia dirisha. Aliimba vizuri, bahati mbaya. Mama, ambaye miwani yake ilivunjika Krismasi, alikaa nyuma kabisa akilia kwa furaha. Wimbo ulipokwisha akamkumbatia Zephaniah, akamwita mwanangu, akampa jogoo. Na Zephaniah akampokea! Niliposhuka kumsalimu mama, akanishukuru kwa kulinda mabegi ya mwanawe. Iliniuma sana. Tumerudi Voi kiti kimoja, jogoo katikati yetu.

Jumatatu, 17 Machi
Koki amenisihi nisome somo la pili. Wakati sina. Kosa la programu nimeshaligundua: lilikuwa jina tu! Nimefuta langu, nikaandika ZEPHANIAH. Tuone nani ataosha vyoo.

Jioni mazoezini, Dada Tryphena akasema vyoo vingoje, kuna habari njema. Tumealikwa Mombasa. Mwimbaji mmoja, hoteli siku tatu, chakula bure. Akabonyeza kabla sijafungua mdomo. Zephaniah alirukaruka kama mtoto.

Si neno. Nimefika nyumbani na kurudisha NICHOLAS. Jumapili kompyuta inachagua mwenyekiti wa kwaya, na baada yake tu, mwosha vyoo wa mwaka mzima. Safari hii nimejipanga.