Mjane Niliyemtunga

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa chuo katangaza: atakayeng'ara mbele ya mkaguzi Ijumaa ndiye atakayeongoza Kitengo cha Kanuni. Kitengoni tuko wawili, mimi na Bi Ibara, mwanamke anayekariri kanuni hata akipiga mswaki. Faili la malalamiko ya wanafunzi liko mikononi mwangu. Nimelifungua. Tupu! Wanafunzi wetu husoma kwa mtandao, wametapakaa kila kona, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba nipo.

Sina wasiwasi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu chache, lakini zina mizizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetunga mlalamikaji. Mjane, mama wa mapacha, anasubiri matokeo ya mtihani tangu mwaka jana. Nikamjibu kwa adabu. Faili bado jembamba! Nikamfanya alalamike tena, kwamba afisa aliyemjibu ana kiburi na ni mvivu kupindukia. Hapo mjane akapata uhai kabisa. Najivunia.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu kasoma faili, akalia. Kauliza ni nani huyo afisa katili. Bi Ibara akamwonyesha sahihi yangu, mnafiki yule! Nyumbani nako moto: mke wangu kakuta barua za mjane kwenye kompyuta yangu. Nikamwapia kwamba mjane huyo hayupo duniani. Akasema wote husema hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi kalipenda faili kupita kiasi. Akataka kuongea na mjane kwa kamera, leo leo! Nikajifungia chooni, nikampigia mke wangu, nikamsihi awe mjane kwa dakika chache tu. Alikubali upesi mno. Ningepaswa kushtuka pale pale.

Akatokea na kitambaa cheusi kichwani. Mkaguzi akampa pole ya kufiwa. Akashukuru, akasema marehemu hakuwa na faida yoyote, ahadi tele na bomba la jikoni linavuja mpaka leo. Na yule afisa wa chuo, akasema, ni wa aina ile ile: mdomo mwingi, kazi hakuna. Mkaguzi akalia. Mkuu akalia. Hata mimi machozi yalinilengalenga, maana anajieleza vizuri. Bi Ibara kapewa cheo.

Jumatatu, 10 Machi

Naitwa kwenye kamati ya nidhamu Alhamisi, kwa kumnyanyasa mjane. Nikisema ukweli, nafukuzwa kwa kughushi. Nikinyamaza, nafukuzwa kwa ukatili. Maji yamezidi unga. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata dawa! Nimetunga mwanafunzi mwingine. Mwalimu mstaafu, mpole, atakayeshuhudia kwamba nilimhudumia kama baba yangu mzazi. Barua yake ya kunisifu imetoka tamu mpaka nimejipenda upya. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumweka mtu mwenye hasira mbele ya kamera. Safari hii atakaa baba mkwe. Sijamwambia bado, ila hawezi kukataa, mzee ananipenda. Na kwa bahati nzuri mke wangu kahamia kwake tangu Jumamosi, atamsaidia kuwasha kamera.