Nyuma ya Kofia ya Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa mjukuu wangu Mboni anaolewa. Nimeahidi mbele ya ukoo mzima kwamba bwana harusi, Iqbal, atavaa kofia niliyoshona kwa mkono, kama mama alivyonifundisha Pangani kabla sijahamia Mwanza. Miaka hamsini na miwili sasa. Naushad, muuza kofia za kiwandani, anasema macho yangu yamestaafu ila sijapewa barua. Ameweka moja akiba dukani, kipimo cha Iqbal.

Hesabu. Vitobo elfu mbili. Kila kimoja kukitoboa kwa sindano, kisha kukizungushia uzi. Dakika nne. Vimebaki elfu moja na arobaini. Saa sitini na tisa. Haiwezekani.

Jumanne, 4 Juni

Inawezekana. Picha za harusi hupigwa kwa mbele, na nusu ya mbele imekwisha. Ya nyuma nimempelekea Chenge wa Buzuruga, mwenye cherehani ya kudarizi. Akaniamkia, akauliza kama mteja wangu ana nusu kichwa. Nikamwambia ashone. Dakika kumi na moja. Nilitoka nje nisione.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunga, nimefua alama za penseli, nimetia wanga wa muhogo, nimeivalisha sufuria ikaukie. Uzi wa Chenge unang'aa. Nimeupangusa kwa chai ya rangi. Mboni amekuja, ameipapasa mbele, machozi yakamlenga. Nyuma nimeishika mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Ndoa baada ya sala. Iqbal safu ya kwanza. Jambo moja sikulifikiria: msikitini mtu hutazamwa kisogo. Na nyuma yake hasa, Naushad. Rakaa mbili nzima. Sijui alisali nini.

Baada ya salamu akanipa mkono, akauliza, ndugu yangu Shaibu, huku nyuma kashona nani, mbona hakuna kitobo hata kimoja kilichopinda? Baba yake Iqbal akasikia. Karamuni Iqbal alivaa kofia ya Naushad.

Mboni hakunifokea. Aliuliza tu, babu, kwa nini hukuniita? Nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka tisa.

Jumapili, 9 Juni

Mboni amekuja, tumeifumua nusu ya Chenge. Tutaishona upya pamoja kila Jumapili. Leo vitobo ishirini na vitatu. Vyake vizuri kuliko vyangu, sikumwambia.

Amesema kaka yake anaoa Septemba. Nikapiga hesabu papo hapo. Nilikosea upande tu. Safari hii nyuma nitashona kwa mkono, mbele nimpelekee Chenge. Mbele ataiona nani? Imamu, naye hutupa mgongo.