Nyoka Akijivua, Jethro Atakuja

Jumapili, 8 Agosti 1971
Macho ya Zawadi yamekuwa meupe kama maziwa! Furaha iliyoje! Zawadi ni nyoka wa Jethro, mume wangu. Hana sumu. Macho yakififia hivyo, ngozi i karibu kutoka. Na Jethro aliniahidi, akirudi kazini kwenye kiwanda cha chai kule Itumbe: Zawadi akijivua nimwite, atakuja aone. Miezi miwili ya ndoa, na kitanda kipana kama uwanja wa mpira! Nimempa Machogu, dereva wa lori, ujumbe. Masharti ya Jethro: gunia lililoloweshwa maji la kulalia, jiwe la kujikwaruzia, asilishwe, asivutwe ngozi. Rahisi!

Jumanne, 10 Agosti
Bado. Jethro hajaja. Nikaona nimharakishe Zawadi, nikamsogeza karibu na meko. Ngozi ikakauka kama jani la mgomba! Mama mkwe akasikia harufu, akauliza kama leo tunakula omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamrudisha Zawadi kwenye gunia, mbio.

Jumatano, 11 Agosti
Msiba! Macho yameng'aa tena. Amerudi nyuma! Nimempelekea Jethro neno kwamba ngozi imeanza kutoka. Uongo mdogo, wa mapenzi.

Alhamisi, 12 Agosti
Zawadi katoroka! Akapita uani mbele ya baba mkwe, Mzee Ombati. Mzee akainua fimbo. Zawadi akapenya chini ya mlango wangu. Mzee akakwama kizingitini. Kwetu Wagusii baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hata ikiungua. Akafoka nimtoe huyo shetani amuue. Nikajibu kwa adabu, nyuma ya mlango, kwamba mimi mwoga, labda Baba aingie mwenyewe. Akageuza uso kama aliyeniona nikioga. Mama mkwe alicheka hadi akakalia ungo wa nafaka ya wimbi.

Ijumaa, 13 Agosti
Asubuhi, puani, ngozi imefunguka! Kumbe macho hung'aa kwanza. Lakini Jethro wangu hajafika! Nikamsihi Zawadi angoje jioni. Nikamnyang'anya jiwe. Akatumia mguu wa kitanda. Ngozi ikatoka nzima kama soksi, mpaka ncha ya mkia. Nzuri ajabu. Nikalia. Nikajaribu kumvisha tena. Akakataa.
Jethro aliingia kabla ya jua kuzama, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Hakuiangalia ngozi. Aliniangalia mimi. Ee Mungu wangu!

Jumapili, 15 Agosti
Amerudi Itumbe. Mto wa kitanda bado unanukia chai. Aliniambia mlangoni kwamba habari za nyoka hazina haja. Nikiwa na hamu naye, niseme tu, atakuja hata kwa miguu.
Niseme? Mke aliyesoma hadi kidato cha nne, amtume dereva wa lori kusema ana hamu? Aibu iliyoje!
Nimemwomba Machogu anitafutie nyoka wengine wawili. Huyu akimaliza kujivua, yule anafifia macho. Magunia nimeshayalowesha.