Chuo cha Yumna Kimepatikana Kunduchi

Jumatatu, 4 Agosti

Dirisha la maombi ya vyuo linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Amesema Filomena wa steshenari, mbele ya wateja, huku akinitazama kana kwamba dirisha ni langu.

Mpwa wangu Yumna ana miaka kumi na minane, cheti kizuri cha kidato cha sita na orodha ya vyuo saba. Anataka famasia. Vyote saba vinayo. Kila chuo kinadai ada ya maombi, na mama yake, dada yangu Manal, anakaanga maandazi yanayotosha ada tatu. Baba wa mtoto yuko Muscat. Hutuma salamu. Kwa hiyo vyuo vinne lazima vikatwe.

Nimejitolea kukata. Manal amenikumbusha mradi wangu wa kuku wa mayai. Nimemjibu kwamba kuku walikufa kwa ugonjwa, si kwa uongozi. Hatimaye amenitumia hela za ada kwenye simu, maana yeye hatoki jikoni, kwa sharti kwamba kufikia Alhamisi maombi yote yawe yameingia.

Filomena alitaka kumchujia mtoto bure. Bure! Mtu anayetoza hadi kubana karatasi pini.

Jumanne, 5 Agosti

Mchujo. Nimekaa uani na kalamu nyekundu tangu asubuhi.

Cha Mbeya: baridi. Atahitaji koti, na koti ni gharama. Nje. Cha Dodoma: niliwahi kufika huko, maji yana chumvi. Nje. Cha Kigoma: nauli. Nje. Cha hapa mjini, ambacho angeweza kwenda na kurudi kulala nyumbani: Filomena anakisifu mno. Mtu hasifu hivihivi. Nje.

Yumna aliisoma orodha akiwa amesimama. Akasema, Mjomba, hicho cha mjini ndicho pekee tunachokiweza, huko kwingine mie nitalala wapi, nitakula nini? Nikamwambia bajeti ni taaluma. Akasema basi hiyo taaluma umefeli, rudia mwaka. Manal alicheka mpaka mafuta yakamrukia mkononi.

Hata hivyo, hoja yake ina uzito. Ada ya maombi ni mwanzo tu. Anahitajika mfadhili. Nimempata kabla ya Magharibi, nikiwa bado nimekaa palepale.

Jumatano, 6 Agosti

Bibi Zubeida wa Kunduchi, shangazi wa marehemu mama yetu. Ana nyumba kadhaa, pamoja na hii ya Chanika tunayokaa bila kodi kwa hisani yake. Amepita vyuo vitatu, kama wasemavyo wazee wa pwani, yaani ameolewa mara tatu, na kila mume alimwachia nyumba. Anapenda Kiswahili cha zamani. Hapendi kuombwa pesa.

Kwa hiyo sikuomba. Nilimtumia ujumbe wa sauti, taratibu, kwa adabu: shikamoo Bibi, Yumna amekua sasa, tunamtafutia chuo, na uwezo wetu unaujua. Hapo nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo mbinu yenyewe.

Amepiga mwenyewe baada ya Adhuhuri. Kwanza alimshukuru Mungu. Kisha akauliza kama kweli hiki ni chuo cha kwanza. Nikamhakikishia kwamba mtoto hajawahi kuingia chuo chochote, katoka shule moja kwa moja. Alifurahi kupita nilivyotarajia. Akauliza tunataka cha namna gani. Nikasema kisiwe mbali, kisitutie gharama, kiwe na mahali pa kulala.

Akasema anacho kimoja, hapohapo Kunduchi. Gharama zote juu yake!

Nimewatangazia jikoni. Manal alikaa chini juu ya ndoo. Yumna aliuliza kinaitwaje.

Alhamisi, 7 Agosti

Kinaitwa Kwa Walid. Nimempigia Bibi kuthibitisha. Cha binafsi, inaelekea. Nimeuliza maswali yote ambayo mlezi makini huuliza. Malazi: ghorofa, vyumba vitano. Wenzake: wawili tu, wadogo, wapole. Famasia: Bibi amesema atasoma akitaka, Walid hakatazi. Sijawahi kusikia chuo chenye uhuru kama huo.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa watu wa Walid wanakuja kumwona mtoto. Usaili wa nyumbani!

Kwa kuwa maombi mengine hayana kazi tena, zile ada tatu nimezitumia kununua halua, udi wa kufukizia sebule na kanzu yangu mpya. Mlezi naye huangaliwa.

Yumna amekitafuta chuo mtandaoni, hakipo. Amesema, Mjomba, chuo gani hakina fomu? Nikamwambia vyuo vikubwa havijitangazi. Jioni Filomena alikuja mpaka mlangoni kwetu. Amesema mtoto alete cheti, atamwombea chuo cha mjini, hela watamlipa wakipata. Nikamjibu kwamba familia hii haikopi elimu. Akasema, Mzee Yazid, siongei na wewe, naongea na Yumna. Nimekifungia cheti kabatini, kwa usalama.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja saba. Wanawake wanne wenye masinia yaliyofunikwa, wazee wawili, na Walid mwenyewe, kanzu nyeupe kuliko yangu. Anawauzia wavuvi barafu. Umri kama wangu, na mimi nina arobaini na sita. Amefiwa na mke, ana watoto wawili, wadogo, wapole.

Nilitoa cheti. Mmoja wa wanawake alikishika kwa ncha za vidole akauliza kama mtoto anajua kupika. Nikaeleza kuwa ni mchapakazi, hukesha na vitabu. Wakatazamana. Mzee wao akakohoa, akasema wamekuja kuleta maombi. Nilishangaa kidogo, chuo kuleta maombi kwa mwanafunzi, lakini nikasema maombi yenu tumeyapokea kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akauliza mahari.

Hapo nikaelewa.

Manal alikuwa mlangoni na sinia la juisi. Hakuliangusha. Aliliweka chini polepole sana, akawa hainuki.

Yumna alitoka chumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Walid, akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Walid akaitikia marahaba kabla hajajizuia. Yumna akasema, mie nilikuwa naomba chuo cha famasia, baba, samahani kwa usumbufu. Akachukua cheti kwenye mkono wa yule mwanamke, akatoka bila viatu.

Steshenari ilikuwa imefungwa kwa sikukuu ya Nanenane. Filomena aliifungua. Kuna ombi moja limeingia, la chuo cha mjini, kwa hela ya Filomena. Moja kati ya saba. Akikikosa hicho, hakuna kingine mpaka mwakani.

Halua imebaki yote.

Jumamosi, 9 Agosti

Bibi Zubeida ameaibika mbele ya watu. Amempigia Manal asubuhi, na Manal alisikiliza bila kusema neno zaidi ya ndiyo Bibi. Maneno ya Bibi, kama Manal alivyonieleza akiwa amenipa mgongo: ama mtoto aingie chuo alichotafutiwa, ama nyumba itafutiwe mpangaji anayelipa.

Manal hajakaanga maandazi leo. Amezitoa sufuria zote, akazipanga kwenye boksi, akazitoa tena, akazirudisha rafuni. Nilipomwambia kwamba kosa ni la lugha, si langu, amesema nisimsogelee karibu na mafuta. Mafuta yenyewe yalikuwa ya baridi.

Yumna hasemi nami. Ameketi kwenye ngazi za nyuma, simu mkononi, anafungua ukurasa wa chuo, anafunga, anafungua. Usiku nilimsikia akimwuliza mama yake kama barafu ni biashara nzuri.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeokoa nyumba.

Nilikaa uani nikafikiri kama mtu mzima. Bibi anahitaji heshima, basi. Nikamtumia ujumbe wa sauti, safari hii kwa uangalifu, bila kulitaja neno chuo hata mara moja. Nimesema Yumna hakumkataa mtu, ni haya za mwanamwari. Anangoja kuchaguliwa tu. Akishachaguliwa, atathibitisha siku hiyohiyo. Ndivyo udahili unavyokwenda: chuo huchagua, mwanafunzi huthibitisha.

Bibi amejibu kabla ya Alasiri, sauti laini kabisa. Amesema nyumba tukae bila wasiwasi. Walid hakukasirika, na kuchagua ameshachagua. Watu wake watakuja Jumapili ijayo, tarehe 17, saa kumi jioni, kuthibitisha, na sheikh atakuwepo.

Sikujua kwamba Bibi anafuatilia mambo ya udahili kiasi hicho. Sheikh ni wa dua, bila shaka. Sijawaambia jikoni, nataka iwe furaha ya ghafla. Kanzu nimeipeleka kwa dobi, itakuwa tayari Jumamosi.