Muuguzi Mpya wa Darsait

Wananchi walipewa bishara: uhaba wa wauguzi wa majumbani umekwisha, na hakuajiriwa hata mmoja. Idara ya Faraja za Majumbani iliamua kwamba yeyote anayejua kumvuta mtoto makohozi kwa mashine ni muuguzi. Akina mama wa watoto wagonjwa waliijua kazi hiyo siku nyingi. Basi wauguzi wa serikali wakarudishwa ofisini kupima presha za wajumbe wa vikao.

Wazo hilo lilimjia Mkurugenzi Hamood akinyoa ndevu, bila msaada wa mtu.

Akaenda mtaa wa Darsait na mpigapicha wake, kumkabidhi mama mmoja, Bashayer, shahada ya uuguzi. Binti wa mama huyo, Rawan, anapumua kwa mpira uliotiwa kooni. Tangu aondolewe Wilkister, muuguzi wao Mkenya, Bashayer alikuwa akilala kwa kudokoa. Hamood aliyaona macho yake mekundu, akajua ni machozi ya shukrani. Yeye ni mtu mwepesi wa kuguswa.

Ili umma uone jinsi kazi yenyewe ilivyo nyepesi, akataka apigwe picha akiifanya. Bashayer akamwongoza mkono. Koo likakoroma, likasafika, na Rawan akamcheka. Hamood alifurahi kwa dhati. Picha ikatumwa idarani papo hapo.

"Umeshajua, Bwana Hamood," alisema Bashayer. "Basi nawe muuguzi. Na kanuni yako yasema muuguzi haondoki mpaka aje wa kumpokea. Mie nnakwenda kulala."

Akaingia chumba cha pili, mlango akauacha wazi. Mama yake, Bibi Sayyida, ambaye anaijua mashine ile ila mikono yamtetemeka, akasogea karibu na mjukuu wake ili amsimamie muuguzi mpya. Kisha akaondoa sinia ya kahawa na halua.

"Muuguzi hali wala hanywi akiwa zamu, mwanangu. Si mumeandika wenyewe?"

Hamood akampigia naibu wake, Asaad, aletewe Wilkister upesi. Asaad alisikitika sana. Nyumba ile, alieleza, ina wauguzi wawili, na picha ya wa pili imetoka vizuri mno. Muuguzi wa serikali hapelekwi ila kwenye nyumba isiyo na muuguzi.

Koo la Rawan likaanza tena kukoroma. Hamood akashika mpira wa mashine, jasho likimtiririka chini ya kofia, Bibi akimwambia taratibu, taratibu. Mtoto alipotulia, mkurugenzi akampigia Asaad tena. Chumba cha pili Bashayer alikuwa amelala fofofo.

"Andika," alimwambia Asaad kwenye simu, kwa sauti ya chini asije akamwamsha. "Hapa hapana muuguzi. Yule ni mama, na amechoka."

"Na wewe, Muheshimiwa?"

"Mimi sijui kitu."

Wilkister alifika kabla ya magharibi, na sinia ya kahawa ikarudi. Ama taarifa kwamba mkurugenzi hajui kitu, ilipitishwa na kikao cha idara siku ya pili yake kwa kauli moja, bila ya mjumbe hata mmoja kuomba ufafanuzi.